Dirisha la Upande wa Kulia

Mchwa walianzia kidevuni.

Hakuna aliyeweza kuwaona. Kila mmoja alikuwa mashine ndogo kuliko chembe ya vumbi, na hata walipofanya kazi kwa maelfu walionekana kama ukungu tu juu ya ubao, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Leokadia Kihwele aliinama kwenye hadubini, barakoa usoni, mikono nyuma ya mgongo. Ndivyo alivyojizoeza tangu ujana. Mkono ulio karibu na picha ya kale hutamani kusaidia.

"Wanatafuna vizuri," alisema Festo Mhongole, aliyekaa kwenye mitambo. "Kiini cha yai cha miaka mia saba. Mimi ningeomba na chumvi."

"Angalia joto lao."

"Joto lao zuri kuliko langu. Endelea kutazama."

Kila mchwa aliuma kiini kikavu cha yai kilichoshika punje moja ya rangi, akaikumbuka punje hiyo ilikuwa wapi na imelala kwa upande gani, kisha akaibeba hadi kwenye ubao wa kupokelea uliokuwa pembeni. Huko aliiweka kama alivyoikuta. Kwa njia hiyo karakana ya Iringa ilikuwa imeshahamisha maua, mabawa ya malaika, na farasi mzima. Uso walikuwa hawajawahi kuugusa.

Uso huu ulikuwa wa Bikira Maria. Picha yenyewe, Mama na Mtoto, ilikuwa ubao mrefu kuliko mtu mzima, nyuma yote dhahabu. Ilichorwa katika kijiji cha milimani huko Italia kiitwacho Castelrigo, na mikono miwili tofauti. Karakanani waliwaita Wa Kwanza na Wa Pili, kwa sababu hakuna aliyeacha jina.

Wa Kwanza alichora vyote: kiti cha enzi, vazi la buluu lenye mikunjo ya nyuzi za dhahabu, malaika waliopangwa kando kama vikombe kabatini, na uso wenye macho makubwa yasiyopepesa. Picha yake haikuwa na jua wala taa. Nuru ilitoka kwenye dhahabu yenyewe, pande zote kwa pamoja, na kwa hiyo hakuna kitu kilichotupa kivuli.

Zaidi ya karne moja baadaye tetemeko likabomoa nusu ya kijiji, na walionusurika wakamwita Wa Pili. Hawakumwomba picha mpya, walimwomba uso mpya. Ilikuwa desturi yao: baada ya maafa makubwa, uso wa Mama huchorwa upya juu ya ule wa zamani, maana aliyeyaona yale hawezi kuachwa na macho yaleyale. Vazi, dhahabu na malaika haviguswi.

Wa Pili aliishi wakati ambapo wachoraji wa Italia walikuwa wanaanza kutazama vitu mahali vilipo. Alichora uso wenye mfupa chini ya ngozi, pua inayojitokeza, na shavu la kulia lililozama kivulini, kwa kuwa katika kanisa la Castelrigo dirisha lilikuwa kushoto kwa mtu anayeitazama picha. Katika bonde lile lote hakukuwa na uso wa zamani zaidi wenye kivuli cha namna hiyo. Wanafunzi walisafiri kutoka mbali kuja Iringa kulitazama shavu hilo moja.

Sasa watu wa Castelrigo walitaka uso wa tatu. Mlima wao ulikuwa umeporomoka miaka arobaini iliyopita, na waliobaki walipokelewa Iringa pamoja na picha yao, ambayo iliwekwa kwenye hifadhi iliyochimbwa ndani ya mwamba, penye hewa kavu na baridi ya kudumu. Mwaka uliopita walikuwa wamemaliza kujenga kanisa lao wenyewe. Mkataba ulikuwa wazi: hifadhi hutunza, wenyewe hutumia kwa desturi yao. Mkuu wa karakana aliachiwa neno moja tu, nalo ni namna ya kufanya. Mkuu huyo alikuwa Leokadia.

Baraza la Hifadhi lilikuwa limependekeza njia iliyomridhisha kila mtu. Mchwa wauvue uso wa Wa Pili mzimamzima, uwekwe kwenye ubao wake, na wenye picha wachorewe uso wanaoutaka kwenye nafasi itakayobaki. Leokadia alikuwa ameikubali.

Ukungu ulipanda kutoka kidevuni hadi kwenye shavu la kulia. Leokadia aligeuza lenzi kwenye ubao wa kupokelea. Kisha akairudisha kwenye picha. Kisha tena kwenye ubao.

"Simamisha," alisema.

"Tumefika nusu ya shavu. Tukisimama hapa..."

"Simamisha, Festo. Njoo uone."

Festo alikuja, akaweka jicho kwenye lenzi. Kwenye ubao wa kupokelea kulikuwa na kidevu na nusu ya shavu, kila punje mahali pake. Lakini kivuli hakikuwepo. Shavu lilikuwa utando wa rangi ya chai iliyoongezwa maji, bapa kama karatasi.

"Wamekosea," alisema Festo. "Wameacha kitu nyuma."

"Hawajaacha kitu. Tazama pale walipotoka."

Pale walipotoka ulionekana uso wa Wa Kwanza: mistari yake minene, na udongo wa kijani ambao wachoraji wa zama zake walipaka chini ya ngozi kabla ya rangi ya waridi. Kijani kile kilikuwa kizito na kibichi, hasa upande wa kulia.

"Wa Pili hakuchora kivuli," alisema Leokadia polepole. "Alipaka hudhurungi nyembamba, akaacha kijani cha mwenzake kipite. Kivuli ni cha wote wawili. Ukiwatenganisha, hakuna aliyenacho."

Festo aliondoa jicho kwenye lenzi. "Kwa hiyo tumewabomoa wote kwa mpigo."

"Bado. Mchwa wanakumbuka?"

"Wanakumbuka mpaka ile dawa iliyolainisha yai ikauke. Ikikauka, punje zinashika zilipo." Alikuwa ameshaanza kurudi kwenye mitambo, na utani ulikuwa umemtoka. "Hatujawahi kuwarudisha kinyumenyume kwenye kitu kikubwa kuliko ua."

"Leo ni shavu. Anza na waliotoka mwisho."

Ukungu ulipotelea kwenye ubao mmoja, ukatokea kwenye mwingine. Leokadia alifuata ukingo kwa lenzi, akitaja neno moja moja: hapa, chini kidogo, subiri, endelea. Karibu na kona ya mdomo dawa ilikuwa imeanza kukauka, na mchwa wakasitasita. Festo akawapandishia joto kupita kidogo alivyoruhusiwa na maelekezo ya mashine. Wakaenda.

Kivuli kilirudi kwenye shavu taratibu, kama mtu anavyorudi ndani ya chumba alichosahau kitu. Mwishoni kilibaki kipande kidogo chini ya mdomo, chenye ukubwa wa punje ya mtama, ambacho hakikushika. Leokadia akafungua daftari la karakana.

"Hicho ni changu," alisema. "Kitaandikwa hivyo."

*

Ornella Bassi, ambaye Iringa nzima ilimwita Mama Fabio, alitengeneza jibini na kuwasemea watu wa Castelrigo, na kazi zote mbili alizifanya bila kuficha harufu yake. Alikuja hifadhini kesho yake asubuhi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, Mama Fabio. Karibu ukae."

"Nikikaa utanipa habari mbaya. Nipe nikiwa nimesimama."

Leokadia akampa. Alimweleza juu ya kijani na hudhurungi, juu ya shavu lililogeuka chai, na juu ya punje ya mtama iliyopotea. Hakupunguza wala hakuongeza. Mama Fabio alisikiliza, macho kwenye picha.

"Kwa hiyo Mama havuliwi," alisema.

"Havuliwi na mtu yeyote nikiwa hapa."

"Mimi sikuwahi kuomba avuliwe. Hilo ni Baraza lenu. Sisi huwa tunafunika tu." Akajifunga khanga vizuri. "Basi mfunike."

"Nikimfunika, lile shavu halitaonekana tena. Unaelewa watu wanatoka wapi kuja kuliona?"

"Naelewa. Wanapita kwangu kununua jibini, wananieleza mambo ya kivuli mpaka maziwa yanaganda." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Fundi, wewe umemwona hapa tu, chini ya taa zenu. Twende ukamwone kanisani."

"Kanisani kuna nakala."

"Nakala inatosha kukuonyesha aibu yetu."

"Kuna rangi nyingine," alisema Festo kutoka nyuma, akijaribu kusaidia. "Tunayotumia kuzibia nyufa. Mnachora uso wenu, na siku mkibadili mawazo inatoka kwa pamba na dawa."

Mama Fabio alimgeukia kwa upole. "Baba, hivyo ni vipodozi."

*

Kanisa lilikuwa dogo, limeegemea mwamba. Ukuta wa kushoto ulikuwa mwamba wenyewe, haukujengwa. Dirisha lilikuwa moja tu, refu, upande wa kulia, na asubuhi ile jua liliingia kwa ulalo likaangukia moja kwa moja juu ya altare.

Leokadia alisimama katikati, mahali waumini wanaposimama. Nakala ilikuwa nzuri, kila rangi ilikuwa sahihi. Lakini jua la kweli lilipiga shavu la kulia, na shavu la kulia lilikuwa gizani. Upande wa kushoto, ulioelekea mwamba, uling'aa kwa nuru ambayo haikutoka popote. Kadiri alivyotazama ndivyo uso ulivyoonekana kama wa mtu anayezungumza na wewe huku akisikiliza mlango mwingine.

"Unaona?" alisema Mama Fabio. "Watoto wetu wanauliza kwa nini Mama anaangaliwa na jua na yeye hataki. Huyu bado yuko Castelrigo. Dirisha analolitazama liko chini ya mlima, na mama yangu yuko chini yake. Sisi tumetoka, yeye tumemwacha."

"Mngeweza kumhamisha ukuta," alisema Festo, aliyekuwa amewafuata. "Mkimweka juu ya mlango wa kuingilia, dirisha linakuwa kushoto kwa anayemtazama. Nimepiga hesabu ya jua. Inakubali."

"Halafu tusali tukiipa altare mgongo?"

"Nimesema inakubali kwa jua. Kwa padri sijapiga hesabu."

Mama Fabio alicheka, akampiga begani. Leokadia hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na nakala, na alikuwa akifikiria kuhusu Wa Pili. Siku zote alikuwa amemwona kama mtu aliyeleta kivuli. Sasa alimwona amesimama kwenye kanisa lililonusurika tetemeko, vumbi bado miguuni, akigeuza kichwa kutafuta nuru inaingilia wapi. Dhahabu ya Wa Kwanza ilikuwa nuru ya mahali popote. Wa Pili alikuwa ameamua kwamba Mama huyu yuko hapa, katika chumba hiki, pamoja na hawa watu, na dirisha lao ndilo linalommulika. Kivuli kilikuwa matokeo tu ya uamuzi huo.

Kulilinda shavu lake mahali ambapo si kweli tena, huko kulikuwa kumlinda au kumpinga?

Alitembea hadi dirishani, akapima kwa kiganja nuru inavyodondoka, akarudi, akasimama tena katikati. Aliyaweka yote mawili mbele yake kwa haki. Upande mmoja, kitu kilichochorwa mara moja tu duniani, ambacho wasiozaliwa bado wana haki ya kukiona. Upande mwingine, watu walio hai, wenye picha yao, wakiomba kile ambacho picha hii ilifanyiwa tayari mara moja, na ambacho ndicho kilichoipa thamani.

"Mmempata mchoraji?" aliuliza.

"Wachoraji wetu hawajui rangi ya yai," alisema Mama Fabio. "Wanajua ukuta na turubai. Anayejua yai ni wewe."

"Mimi sichori. Tangu nianze kazi hii sijaongeza kitu juu ya picha ya mtu."

"Ndiyo maana tunakuamini. Mwenye tamaa ya kuchora tungemwogopa."

Festo aliangalia sakafu. Leokadia aliitazama nakala mara ya mwisho, kisha akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Ileteni picha hapa kwenye nuru yake. Sitaichora chini ya taa."

*

Baraza alilieleza mwenyewe. Mwenyekiti alimsikiliza kwenye skrini mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama anafahamu kwamba jina lake ndilo litakalowekwa kwenye kitendo hicho, na kwamba huenda kitakuwa kitendo chake cha mwisho hifadhini.

"Nafahamu," alisema Leokadia. "Liandikeni kwa kirefu. Hao wawili wa mwanzo wametusumbua sana kwa kutoacha majina."

Mama Fabio alileta mayai ya kuku wa kienyeji, yamefunikwa kwa kitambaa safi, akiwa na fahari. Leokadia alipasua moja, akaangalia kiini chake, akamrudishia kikapu.

"Nataka ya dukani."

"Haya wamekula majani na wadudu wa mlima huu. Ya dukani hayana hata rangi."

"Hiyohiyo ndiyo sababu. Kiini hiki kitamfanya Mama aonekane ana homa ya manjano."

Mama Fabio alinuna hadi dukani na kurudi.

Leokadia alichora asubuhi tu, nuru ilipokuwa ya dirisha lile. Hakuufunga mlango. Watu waliingia, wakapiga magoti, wakatoka. Wengine walisimama nyuma yake wakinong'ona kama watu wanaomtazama mtu anayenyolewa. Alianza upande wa kushoto, ulio rahisi, ambako Wa Pili aliweka nuru kwa rangi nene. Akapitisha hudhurungi juu yake, nyembamba kiasi kwamba mwanzoni hakuna aliyeona tofauti. Upande ule ukaanza kurudi nyuma, kuelekea kwenye mwamba.

Kisha ikabidi aende kulia.

Brashi yake ilikuwa na nywele chache, na rangi ya yai haienei kama ya mafuta. Huwekwa mstari kwa mstari, kama kusuka. Alisimama mbele ya shavu ambalo wanafunzi walivuka bahari kuliona, mkono wake wa kushoto ukiwa bado umejipeleka nyuma ya mgongo. Akauleta mbele, akaushikisha kisahani cha rangi. Akaweka mstari wa kwanza wa waridi juu ya kivuli. Akaweka wa pili pembeni yake, na katikati akaacha nafasi.

Katika nafasi zile hudhurungi ya Wa Pili ilibaki, na ndani ya hudhurungi kijani cha Wa Kwanza. Kwa mbali jicho halikuiona mistari. Liliona ngozi yenye damu baridi na damu ya moto, kama ya mtu aliyetoka nje asubuhi Iringa. Leokadia alirudi nyuma hadi katikati ya kanisa, akatazama, akaenda tena. Pale chini ya mdomo, penye ile punje iliyopotea, hakupaka kitu.

Asubuhi ya mwisho Festo alikuja na kifaa chake cha kupimia, akasimama mbele ya picha bila kukiwasha. Jua lilikuwa kwenye shavu la kulia, na shavu la kulia lilikuwa likilipokea. Macho hayakuwa makubwa kama ya Wa Kwanza wala hayakukwepa. Yalimtazama mtu aliyeko chumbani.

Mama Fabio alikuwa benchi la nyuma. Alikuwa amekuja kutafuta kasoro, alivyosema mwenyewe, na sasa alikuwa akisali.

"Nimeuliza swali hili tangu tuanze, kichwani," alisema Festo. "Acha nilitoe. Hawa watu wakipatwa na jambo tena, Mungu apishe mbali. Wakahama tena. Atakuja mwingine, atasimama hapo ulipo, atakufunika. Na wewe ndiye uliyekuwa ukitufokea tusiguse."

Leokadia alikuwa akiosha brashi kwa maji, akiikamua kwa vidole viwili hadi maji yawe safi.

"Hatanifunika," alisema. "Nimepaka nyembamba, hao wawili bado wanapita ndani yangu. Naye akipaka hivyo, nami nitapita."